Una Uhakika Unataka Kufunga?

Mtaa mzima ulimwita Mama Chapa, na hata mumewe, aliyekuwa na majina mengine ya kumwita wakiwa peke yao, mbele za watu alimwita hivyo hivyo. Kibanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa ofisi za serikali, na ndani yake vilibanana kompyuta moja, printa moja, mashine ya kopi yenye ukubwa wa kitanda cha mtoto, stuli mbili, na yeye mwenyewe, ambaye hakuwa mwembamba. Mteja akitaka kuingia, stuli moja ilibidi itoke nje.

Humo alichapa barua za kuomba kazi, barua za kuacha kazi, mikataba ya kupanga nyumba na malalamiko ya kelele za majirani. Kuna siku alichapa malalamiko ya majirani wawili, kila mmoja akimlalamikia mwenzake, akawarekebishia wote wawili nukta na mkato bila upendeleo.

Jambo ambalo wateja hawakulijua ni kwamba Mama Chapa hakuwahi kusoma hata neno moja kati ya yale ambayo kompyuta ilimwambia. Si kwamba hakujua kusoma. Gazeti alilisoma hadi matangazo ya waliopotelewa na vyeti. Lakini kompyuta ilisema Kiingereza, na yeye na Kiingereza waliachana shuleni kwa amani, kila mmoja akashika njia yake. Basi alifanya kazi kwa kukariri mahali. Kitufe cha kuhifadhi kilikuwa kile cha juu, pembeni ya kile kinachofanana na sahani. Kikitokea kisanduku cha maneno, alibonyeza cha kushoto. Kikikataa, cha kulia. Kikizidi ubishi, alizima umeme ukutani. Alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Na nyinyi mnaomcheka, hebu jiulizeni ni lini mara ya mwisho mlisoma yale maneno kabla ya kubonyeza kwamba mmekubali.

Aliyemkosesha raha alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi kompyuta mwenye kipara na dini yake ya pekee, yaani programu huria. Shemeji huyu hakuweza kunywa maji nyumbani kwako bila kukuhubiria. Kulikuwa na mfumo wa kuendeshea kompyuta, alisema, ambao hauna mwenyewe. Umetungwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na mtu yeyote ana haki ya kuutumia, kuupasua tumbo auone ulivyo, kuurekebisha, kisha kumgawia jirani. Mama Chapa alimsikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu anayekusimulia ndoto. Mwisho alimwambia kwamba kitu cha bure kikisifiwa kiasi hicho, yeye hukiogopa.

Alikuja kubadili msimamo kwa sababu ya aibu. Flashi za wateja zilikuwa zimeijaza kompyuta yake virusi vya kila namna, na siku moja, mwenyekiti wa mtaa akiwa amekaa kwenye stuli anasubiri barua ya kikao, skrini nzima ilijaa tangazo la dawa ya kupunguza kitambi. Mama Chapa akabonyeza cha kushoto, tangazo likawa mawili. Akabonyeza cha kulia, likaanza kuongea. Mwenyekiti, ambaye kitambi chake kilimtangulia kila kikao, alidhani amesemwa. Aliondoka bila barua.

Jioni ile ile Mama Chapa alimpigia shemeji simu na kumwambia alete huo mfumo wake usio na mwenyewe.

Shemeji alifika mapema, amevaa fulana yenye picha ya ndege mnene wa baharini, nembo ya mfumo wake, akapachika flashi yake na kuanza kazi kwa furaha ya bwana harusi. Mfumo ulipouliza lugha, kidole chake kilikuwa tayari kinaelekea kwenye Kiingereza. Mama Chapa alikuwa ameuona ule mrundo wa lugha, akamshika mkono na kumuuliza kama kile cha huku chini ni Kiswahili. Shemeji alikiri kuwa ndicho, ila akamtahadharisha: hajapata kumwona mtu aliyekichagua. Waliotafsiri walifanya hivyo kwa kujitolea. Wengine walitumia maneno ambayo hata mama zao hawayajui, na kuna mahali waliishia katikati wakaenda zao.

“Shemeji, mimi naishi na kaka yako, na yeye sentensi hamalizi,” alisema Mama Chapa. “Weka Kiswahili.”

Kesho yake asubuhi aliiwasha peke yake. Skrini ikatulia, ikaandika: Ingiza nywila.

Mama Chapa alisoma, akasoma tena, akapeleka mkono kichwani. Alimpigia shemeji na kumweleza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kwamba mashine yake inataka nywele. Shemeji alicheka hadi akaiangusha simu, na alipoiokota alimweleza kwamba nywila ni lile neno la siri walilokubaliana jana. Mama Chapa akauliza kwa nini basi wasiseme neno la siri. Siku ya pili yake, kidole kikiwa kimeteleza, mashine iliandika kwamba nywila yake si sahihi, na yeye alikuwa ametoka kusuka jana yake, na ule mstari wa kulia ulikuwa unampa wasiwasi tangu atoke kwa msusi. Iliharibu siku yake nzima.

Halafu kulikuwa na habari ya ruhusa. Alitaka kurekebisha saa ya kompyuta, mashine ikamwandikia: Huna ruhusa ya kufanya kitendo hiki. Mama Chapa alisimama. Kibanda alikijenga yeye, meza aliinunua yeye, na sasa kitu kilichokuja juzi kinamwambia hana ruhusa. Shemeji alimtuliza kwa simu: humo ndani kuna mkuu, na mkuu mwenyewe ni yeye, ila kila mara anapotaka kufanya jambo zito lazima athibitishe kuwa ni yeye kweli.

“Yaani nijiombe ruhusa mwenyewe?”

“Ndiyo, shemeji.”

Aliona ni upumbavu, akajiomba ruhusa, akajikubalia.

Lakini sitaki mdhani alijuta. Kompyuta ile kuukuu ilikuwa inawaka upesi kuliko zamani, flashi za wateja zilikuja na virusi vyao vikakosa pa kushika, na tangazo la kitambi halikuonekana tena. Zaidi ya hayo, mashine ilikuwa na adabu. Kila iliposhindwa jambo ilianza na samahani. Samahani, faili hilo halipo. Samahani, printa haijajibu. Mama Chapa aliolewa na mtu ambaye hajaomba radhi tangu wajuane, na sasa alikuwa anaombwa radhi mara kadhaa kabla ya chai. Alianza kuijibu kwa sauti. Ikimuuliza kama ana hakika anataka kufuta, alisema ndiyo mwanangu, futa. Wateja walizoea.

Wala sitaki mdhani yote yalikwenda sawa. Printa iligoma wiki nzima, kisha ikachapa yenyewe bila maelezo. Wasifu wa mwalimu mmoja, ulioandikwa kwenye kompyuta ya aina nyingine, ulipofunguliwa humu ulijipanga upya kwa hiari yake, picha ya mwalimu ikateleza na kutua juu ya kifungu cha hali ya ndoa, ikakifunika. Mwalimu alisema iachwe hivyo hivyo. Kila tatizo lilimleta shemeji mbio na fulana yake, na kila mara alirekebisha kwa kuandika maneno meupe kwenye kidirisha cheusi huku akisema ni rahisi sana. Mkiniuliza mimi, mfumo huria unamfaa kabisa mtu wa kawaida, ilimradi mtu huyo wa kawaida awe na shemeji.

Sasa tufike kwenye harusi, maana ndiyo iliyomkosesha Mama Chapa usingizi, si kompyuta.

Mdogo wake wa kike, aliyemfuata kwa kuzaliwa, alikuwa mwokaji wa mikate mtaa wa nyuma. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu, na kwa muda mrefu alikuwa amechumbiwa na fundi saa. Fundi saa alikuwa mtu mwema kupindukia. Alikuwa pia mtu wa kusitasita kupindukia. Kununua viatu kulimchukua msimu mzima. Alisoma kila kilichoandikwa, hadi karatasi za ndani ya paketi za dawa, pande zote mbili, na akimaliza kusoma aliamua kuivumilia homa. Harusi alikuwa ameiahirisha mara mbili: kwanza kwa sababu ya paa la nyumba, kisha kwa sababu ya jino. Tangazo la ndoa yao lilikuwa limebandikwa kwenye ofisi za serikali, na mwisho wa mwezi muda wake ulikuwa unakwisha.

Mwokaji alikuwa amemwambia dada yake, bila kupandisha sauti, kwamba fundi saa akiahirisha tena hatamngoja. Kuna tanuri linauzwa mji mwingine. Atahamia huko, na dada asimtaje tena mtu huyo mbele yake. Mama Chapa alimjua mdogo wake. Alijua kwamba atafanya hivyo, na kwamba itamuua.

Kwa hiyo kadi za mwaliko alizichukulia yeye kama zawadi, na haraka yake ilikuwa na hila ndani. Kadi zikishatawanyika mtaani, aliwaza, fundi saa ataona haya kurudi nyuma. Harusi ilikuwa Jumamosi. Kilichobaki ni bwana harusi kuja kuhakiki majina.

Alikuja saa za asubuhi, wakati mbaya kuliko wakati wote, kwa maana mashine ya kopi ilikuwa imemeza karatasi na Mama Chapa alikuwa ameingiza kichwa na bega ndani yake kuzitafuta. Alimkalisha mbele ya skrini, akamfungulia kadi, akamwambia asome kila neno, na akimaliza aifunge kwa kale kaalama ka msalaba pale juu. Kisha akarudi ndani ya mashine yake.

Fundi saa alisoma. Aliona jina la baba yake limekosa herufi, akauliza aifanyeje. Mama Chapa akamwambia, kutoka humo ndani, aiongeze tu mwenyewe. Ilisikika kibodi ikigongwa mara moja. Kisha kipanya nacho kikalia mara moja.

“Dada,” fundi saa aliita, sauti ikiwa nyembamba kidogo. “Hivi mtu akishafunga, hawezi tena kurudi nyuma?”

Mama Chapa alisimamisha mkono humo ndani. Alijua siku hii itafika. Aliamua kumjibu kama dada mkubwa, bila kumficha.

“Hawezi. Ndiyo maana ya kufunga.”

“Na vyote alivyokuwa navyo mwanzo vinapotea?”

“Vingine vinapotea, baba. Lakini wenzako wamefunga, na wapo.”

Mama Chapa alijaribu kujichomoa, sikio likanasa kwenye roli.

“Inataka niwe na uhakika,” alisema fundi saa, kama anayejisemea.

“Lazima uwe na uhakika. Utafungaje bila uhakika?”

Stuli ilikwaruza sakafu. “Basi, dada,” alisema fundi saa, “nimeghairi.” Na kabla Mama Chapa hajaliokoa sikio lake, miguu ya mtu yule ilikuwa inakwenda mbio barabarani kuelekea dukani kwake.

Mama Chapa aliketi juu ya mashine ya kopi, jambo ambalo hakuna mteja aliyeruhusiwa kulifanya. Machozi yalimtoka. Hakuwa na moyo wa kuiangalia ile kadi. Alichukua kitambaa cha kufunikia kompyuta akaitupia skrini bila kugeuza uso, akafunga mlango wa kibanda, akaenda mtaa wa nyuma.

Mdogo wake alikuwa na unga hadi viwikoni. Alisikiliza yote, akamaliza kukata donge alilokuwa analikata, akaliweka kwenye trei likiwa sawasawa na mengine.

“Amesema kwa kinywa chake?”

“Kwa kinywa chake. Amesema nimeghairi, akatoka mbio.”

Mwokaji hakunawa. Alitoka na aproni yake na unga wake, akashika njia, Mama Chapa nyuma anahema na kumsihi asimpige. Waliokuwa vibarazani walisimama kuangalia, kwa kuwa si kila siku unamwona mwokaji akiacha tanuri likiwaka.

Duka la fundi saa lilikuwa na saa ukuta mzima, kila moja ikiamini saa yake. Mwenyewe alikuwa ameinama mezani na kile kioo chake cha kukuzia kimebanwa jichoni. Alipoinua uso, jicho moja lilikuwa la kawaida na jingine kubwa kama la samaki.

“Umeghairi?” aliuliza mwokaji.

“Nimeghairi,” alisema fundi saa, akatabasamu kwa wasiwasi. “Kwani nimekosea?”

Mama Chapa alifumba macho. Mdogo wake alishika ukingo wa meza, alama za vidole vyeupe zikabaki.

“Sababu ni nini safari hii? Jino jingine?”

“Vyote vingepotea. Iliandika kabisa.”

“Nani aliandika?”

“Kompyuta ya dada. Nilipobonyeza kale kamsalaba ikaniuliza kama nina uhakika nataka kufunga, na kwamba nikifunga sasa mabadiliko yote yatapotea na hayarudi. Nami nilikuwa nimeshamwongezea marehemu baba herufi yake. Kulikuwa na pa kubonyeza patatu. Pa kwanza pameandikwa funga hivyo hivyo. Pa pili ghairi. Pa tatu walisahau kutafsiri, sikupaelewa. Nikamuuliza dada, dada akanitisha zaidi. Ndiyo nikaghairi, kadi ibaki palepale.”

Mama Chapa alitafuta pa kukaa, akapata kreti tupu, akakaa akaanza kutikisika mabega. Haikujulikana mara moja kama analia au anacheka, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Ile sentensi aliiona kila siku. Kila siku aliijibu ndiyo mwanangu.

Mdogo wake hakucheka.

“Kama ilikuwa ni kadi tu, ulikimbia nini?”

Fundi saa alikitoa kile kioo jichoni. Macho yake yakawa sawa, na usoni alionekana mtu mzima aliyechoka.

“Nilijua inauliza habari ya kadi,” alisema. “Mimi si mjinga kiasi hicho. Lakini ilikuwa imeandika kwa Kiswahili kizuri, una uhakika, nami nikakaa pale nikajiuliza na mengine. Nikajikuta ninao. Mimi sijawahi kuwa na uhakika na kitu, unanijua, hata saa hizi nikizirudisha kwa wenyewe huwa nina wasiwasi nazo. Nilishtuka. Nikaona nije nikae hapa kidogo nizoee.”

Mwokaji alimwangalia.

“Umeshazoea?”

“Bado kidogo.”

“Basi utazoelea njiani. Twende ofisini.”

“Leo? Na Jumamosi je? Kadi hazijatoka, watu hawajaalikwa, na hapa nina saa ya…”

“Funga duka.”

Fundi saa aliangalia kuta zake zote. Kisha akachukua kofuli, na mikono yake, iliyozoea kushika vitu vidogo visivyoonekana, ikalifunga mara moja.

Waliozeshwa kabla ofisi hazijafungwa kwa chakula cha mchana. Shemeji aliitwa awe shahidi, akaja na fulana yake ya ndege mnene, akaweka sahihi, na tangu siku ile hadi leo anawaambia watu kwamba mfumo wake umeshaozesha. Karani alimuuliza bibi harusi kama angependa kwanza kunawa mikono. Bibi harusi alisema akitoka kwenda kunawa, akirudi atakuta nini?

Mama Chapa aliwaacha wakipongezwa, akatoka akaingia kibandani kwake upande wa pili wa ukuta. Aliondoa kitambaa. Kadi ilikuwa palepale ilipoachwa, wazi, na marehemu baba ana herufi zake zote, ikiwaomba watu kwa heshima na taadhima wafike Jumamosi bila kukosa na wazingatie muda. Alikaa akaiangalia. Akafuta mstari wa tarehe, akafuta na wa muda. Mashine ilimuuliza kama kweli anataka kuchapa nakala nyingi kiasi kile, akasema ndiyo mwanangu.

Nakala ya kwanza alimpelekea mdogo wake ikiwa bado ina joto. Chini ya majina ya bwana na bibi harusi palikuwa pameandikwa kwamba familia zote mbili zinayo furaha kubwa kuwaarifu ndugu, jamaa na marafiki kuwa wamechelewa.

Mwokaji aliisoma, akaangua kicheko hadi unga ukamdondoka. Kisha akamwegemea mumewe, ambaye hajawahi kuwahi popote, akalia kwa raha.